Nyaya Zilizobaki kwa Gwandu

Mwezi uliopita tulimzika Gwandu, fundi wa simu na kompyuta pale Mbulu mjini. Hakuwa ndugu yangu, na miaka arobaini alikuwa hajaifikisha. Nilikaa upande wa wanawake tukimenya viazi, na mjukuu wangu Emiliana, aliyekuja kutoka Babati anakofanya kazi, alikaa karibu nami na kisu chake. Mwanamke mmoja mbele yetu akasema, "Huyu kijana alikuwa mwaminifu. Kuna kipindi walimwita mwizi, na hata kujibu hakujibu." Mwenzake akauliza, "Nani alimwita mwizi?" Akajibiwa, "Sijui, watu tu." Emiliana hakuinua macho, aliendelea kumenya. Mimi nikasema, "Siyo watu. Ni mimi." Wale wanawake wakacheka kidogo, wakadhani ni utani wa bibi kizee msibani. Sikuwa na utani. Nimerudi nyumbani nikaona niandike jinsi ilivyokuwa, kwa sababu waliojua yote tangu mwanzo tulikuwa watatu na sasa tumebaki wawili.

Ukoo wetu sitauleza, wanaoujua wanaujua. Inatosha kusema kwamba Emiliana nilimlea mimi, na kwamba mwaka ninaousema alikuwa amemaliza kidato cha nne, amerudi nyumbani kusubiri matokeo. Chumba chake kilikuwa kile tulichokuwa tunaanikia vitunguu saumu. Kitanda kilikuwa ukutani, na juu yake mafungu ya vitunguu yananing'inia kwenye fito, kwa hiyo mtoto yule alikuwa ananuka saumu hata akitoka kuoga. Umeme ulikuwa umefika kijijini, tulikuwa na taa tatu na soketi mbili. Mali yake duniani ilikuwa mtamba mmoja mwekundu. Siku Emiliana alipobatizwa nilimpa ndama jike, na yule wa kwanza alikua, akazaa, akafa, akabaki huyu mtoto wake. Nilikuwa nimemwambia tangu mdogo: huyu ndiye mwanzo wako, akipotea sina mwingine wa kukupa. Watu hufikiri mtu anafundishwa akiwa kijana. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mwaka ulionifundisha kweli ulinikuta nina meno machache na mvi kichwa kizima.

Asubuhi moja tunakunywa chai na viazi vya kuchemsha jikoni, akaniambia, "Bibi, nataka kumuuza mtamba wangu." Nikamuuliza, "Unaumwa?" Akasema haumwi. Nikauliza, "Una mimba?" Akasema, "Bibi." Nikamwambia, "Nauliza. Mtu hauzi mtamba kwa hamu ya soda." Akaweka kikombe chini. "Nataka kompyuta." Nikasema, "Ya kusomea." Angenijibu ndiyo, tungemaliza pale, na mimi ningemwamini nusu. Akasema, "Hapana. Ya kuchezea gemu." Nilijua gemu ni nini, au nilidhani najua. Kulikuwa na zile mashine za kutumbukiza sarafu pale senta, vijana wanazizunguka kutwa nzima kama nzi kwenye ndoo ya maziwa, na kuna baba wa familia aliyetumbukiza pesa ya mbolea yote. Nikamwambia mtamba wa ubatizo hauendi kwenye kamari. Akasema siyo kamari, hakuna pesa ndani yake. "Sasa inaleta nini?" nikauliza. "Haileti kitu, bibi. Nataka kucheza." Mtu anayekupa sababu nzuri unaweza kuikagua ile sababu, ukaipindua, ukaona upande wa chini. Huyu hakunipa sababu yoyote, na jambo hilo lilinitia wasiwasi kuliko uongo.

Siku kadhaa nilimchunguza. Alikuwa na rafiki aliyesoma naye, Debora wa Gitting, na kaka yake Debora alikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Kila likizo Emiliana akipita kule walikuwa wanaendesha lori kwenye kioo. Lori kubwa, barabara ndefu, mvua, taa, kila kitu. Nikamuuliza lori limebeba nini. "Mbao." "Mbao za nani?" "Za kwenye gemu, bibi." Nikamwambia mbao zisizo na mwenyewe zimeibiwa. Alicheka mpaka akamwaga chai, na mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naangalia kama kicheko kile kina kitu nyuma yake. Mwishoni nilikubali, kwa sharti moja. Mtamba ni wake, nilimpa na sitamnyang'anya. Lakini kila kipande kitakachonunuliwa nikione kwa macho yangu, nikishike, na muuzaji nimuulize mimi. Maana alikuwa amenieleza kwamba kompyuta nzima iliyokamilika dukani bei yake ingemeza mitamba wawili, ila mtu akinunua kipande hapa kipande pale, vingine vilivyotumika, mtamba mmoja anatosha. "Nani ananunua ng'ombe mguu kwa mguu?" nikamuuliza. Akasema, "Mtu mwenye mtamba mmoja."

Aliandika vipande vyote kwenye daftari. Sanduku. Madabodi, ambayo alisema ni kama boma ambalo wote wanakaa ndani. Prosesa, ndiyo inayofikiri. Ramu, diski, kadi ya picha, pawa saplai ya kugawa umeme kwa wote. Kila jioni kabla ya kukama tulikaa kwenye benchi nje ya jiko na daftari lile. Akiongeza ukubwa wa kadi, lazima apunguze prosesa. Akichukua prosesa nzuri, ramu inakuwa ndogo. Alifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka. Nilielewa zaidi ya alivyodhani, kwa sababu kugawa kidogo kwa wengi ni kazi niliyoifanya maisha yangu yote na sufuria moja. Halafu akiingia ndani kuongea na Debora kwa simu, mimi nilihamia upande wa dirisha na ungo wangu wa maharage. Sioni aibu kulisema. Siku moja nikamsikia Debora, simu iko kwenye spika, anasema, "Weka pesa yote kwenye kadi. Pawa saplai chukua yoyote ya bei rahisi, bibi yako hatajua tofauti." Emiliana akajibu, "Wewe humjui bibi." Niliendelea kupepeta, na siku ile nikaamua kwamba hiyo pawa saplai ndiyo nitakayoisimamia kuliko vyote.

Mtamba tulimuuza kwenye mnada upande wa Hanang, kwa sababu wafugaji wa tambarare kule wanawapenda mitamba wa juu kwetu. Tulilala Gitting kwa kina Debora. Mama yake alitupikia ugali mzuri na maziwa ya mgando, na baada ya kula wasichana wakanionyesha ile kompyuta ya kaka mtu, ambaye mwenyewe alikuwa safarini. Ilikuwa na taa nyekundu na za kijani tumboni. Nikauliza, "Hizi taa zinamwitia nani?" Debora akasema ni urembo tu, bibi. Nikamwambia Emiliana yake haitakuwa na taa. Kesho yake mnadani mzee mmoja mwenye shuka jekundu na fimbo ndefu alimzunguka mtamba wetu mara tatu bila kusema neno, akamwinua mkia, akamfunua mdomo, akaenda, akarudi. Nilimheshimu yule mzee. Tulipokubaliana, nilimvua mtamba kamba nikaikunja, nikaiweka kwapani, na yeye akatoa kamba yake mwenyewe akamfunga. Ndivyo inavyofanyika kwetu. Mnyama anaenda, kamba inabaki kwa mwenyewe, usiondoke na bahati ya zizi la mtu. Vijana wengine wameanza kuacha, lakini mimi na yule mzee hatukuhitaji hata kuambiana. Emiliana alitazama mtamba wake akisukumwa kuelekea chini, hakulia. Alisema tu, "Sasa basi." Nikajua amebakiwa na zile noti ndani ya soksi yangu na hana kingine.

Kutoka pale tukaenda Babati, na huko nilifanya kitu ambacho kilinivimbisha kichwa. Kijana mmoja mwenye duka zuri, vioo kila mahali, alitutolea kadi ya picha inayong'aa kama sahani ya harusi. Bei yake ilikuwa chini kuliko Emiliana alivyotegemea, mtoto akaanza kufungua daftari. Nikamuuliza yule kijana, "Unazo nyingine kama hii?" Akasema kwa furaha, "Bibi, ninazo sita, zote hivi hivi." Nikamwambia Emiliana twende. Alinifuata nje anakaribia kulia. "Bibi, kwa nini?" Nikamweleza. Mtu akikuletea mnadani maksai sita, umri mmoja, rangi moja, wote wameogeshwa na kupakwa mafuta, na bei ni ya chini, basi ni mojawapo kati ya haya mawili. Ameiba, au wamelimishwa mpaka wamekwisha na anataka kuwatoa kabla hawajaanguka. Akasema, "Hii siyo maksai." Nikasema, "Muuzaji ni yule yule." Tuliporudi Mbulu, Emiliana akamuuliza Gwandu, na Gwandu akatikisa kichwa. Akasema hizo kadi zinatoka kwa watu wanaochimba pesa za mtandaoni, zinafanya kazi mchana na usiku mwaka mzima bila kupumzika, halafu zinasafishwa zinauzwa. Nikauliza pesa zinachimbwaje. Akaanza kunieleza, nikamwambia basi. Emiliana alinitazama kwa macho ambayo hakuwahi kunitazama nayo. Nilijiona mimi ndiye mwenye akili mjini pale, na hapo ndipo kosa lilipoota.

Gwandu alikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, meza imejaa vioo vya simu na visukurubi, na kiti kimoja cha mgeni ambacho lazima uondoe kitu ndipo ukae. Alisimama kunipa shikamoo, akaniondolea kiti mwenyewe. Hiyo sikumwekea hesabu, wengi wanasimama. Lakini alianza kufanya kitu cha ajabu. Alikuwa anakataa pesa yetu. Emiliana alitaka diski mpya, Gwandu akasema, "Usinunue mpya, hii iliyotumika inakutosha, nimeipima." Alitaka sanduku lenye kioo, akasema, "La nini? Chukua hili la bati, uhamishie pesa kwenye ramu." Alitutafutia madabodi na prosesa vilivyokaa pamoja tangu mwanzo, akasema wamezoeana. Kadi akatupatia moja, yenye vumbi, iliyotolewa kwenye ofisi ya mtu aliyehama. Tulipofika kwenye pawa saplai, akatoa moja nzito, nyeusi, iliyotumika, akasema, "Hapa msibane. Hii ikifa vibaya inaondoka na wenzake." Ni neno lile lile nililotaka kulisikia, na kwa sababu hiyo nikalitilia shaka. Nimeuza na kununua tangu sijaolewa. Sijawahi kuona muuzaji anayekuambia usinunue, ila yule anayekuandaa kwa kitu kikubwa zaidi. Nikamuuliza, "Wewe unakula wapi?" Akacheka. "Nakula, bibi. Nakula kidogo kidogo." Nikamwangalia mikono. Ilikuwa safi.

Vile vingine tulivibeba siku ile. Pawa saplai akasema tumwachie aipime siku mbili. Siku ya kuifuata nilikwenda peke yangu, kwa sababu Emiliana alikuwa kwenye palizi. Gwandu alikuwa na wateja watatu, akaniwekea mezani ile nyeusi, na kando yake mfuko wa nailoni wenye nyaya. Hiyo pawa saplai nyaya zake zilikuwa za kuchomeka na kuchomoa, siyo zimeota mwilini kama nyingine. Nilimlipa, akageukia wateja. Nikaifunga ile nyeusi kwenye kitenge. Ule mfuko nikautazama, na nikauacha. Nani atanielewa leo? Nilinunua kitu, na zile zilikuwa kamba zake. Niliona nyumbani kuna nyaya, Emiliana ana nyaya za kila namna zimefungwa kwenye msumari. Sikuona kwamba ninasahau. Niliona ninafanya vizuri, kama mtu aliyelelewa.

Kesho yake saa nne asubuhi, Emiliana amekwenda kukata majani ya ng'ombe, simu yangu ikaita. Gwandu. Alinisalimia vizuri, akasema, "Bibi, umeacha nyaya hapa. Mwambie Emiliana asichomeke nyaya nyingine yoyote, hata kama zinaingia. Kila kiwanda kinapanga umeme kivyake. Kichwa cha waya kitaingia, lakini umeme utapita njia siyo yake, utaunguza. Mwambie aje achukue hizi, au nimpe kondakta." Nikamwambia nimesikia. Nikakata simu nikakaa kwenye benchi. Sasa kumbe ndiyo hii, nikawaza. Mtu ukishamlipa, akikuita urudi dukani, ana jambo. Aidha nyaya zina bei yake aliyoiacha pembeni, au anataka mtoto aende peke yake bila mimi. Na hilo la kwamba kichwa kinaingia lakini kinaunguza, nililiona ni la kitoto. Ufunguo ukiingia ukazunguka, ni ufunguo wake. Nilikuwa nimezishinda kadi sita za Babati. Huyu wa Mbulu angenishinda kwa nyaya? Emiliana aliporudi na mzigo wa majani kichwani, sikumwambia.

Alifungua kitenge, akaigeuza ile pawa saplai, akauliza, "Bibi, nyaya zake ziko wapi?" Nikasema, "Nimekuja na nilichonunua." Akauliza, "Hakukupa?" Nikamwambia, "Ukitaka kujua alichotoa na asichotoa, muulize mwenyewe." Nililisema kwa ukali wangu wa kila siku, na mtoto alikuwa amezoea tangu utotoni kwamba ukali wangu ni mwisho wa maneno. Hakuuliza tena. Akampigia Debora, na Debora akasema kaka yake ana nyaya za ziada, vichwa vile vile. Zikaja na basi baada ya siku tatu, zimefungwa kwenye gazeti. Mimi mwenyewe nilikwenda kuzipokea barabarani.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nimeweka makande motoni. Alipanga vipande vyote juu ya mkeka safi, akanawa mikono kama anayekwenda kukanda unga. Alivifunga kimoja kimoja ndani ya lile sanduku la bati kwa bisibisi aliyoazima kwa jirani. Runinga yetu ya sebuleni ndiyo ingekuwa kioo. Zile nyaya za Debora zikaingia bila shida, zikatoa sauti ya kujifunga, na niliisikia sauti ile nikafurahi moyoni, nikasema, Gwandu, nimekushinda. Emiliana akaniambia, "Bibi, wewe ndiye uwashe." Nikakataa, nikamwambia awashe mwenyewe, mali ni yake. Akabonyeza. Feni ilizunguka nusu. Kukatoka mlio mdogo, kama mbegu ya mahindi inavyoruka kikaangoni, na moshi mwembamba sana, na harufu ambayo ilishinda saumu yote ya chumba kile. Akachomoa soketi. Akakaa chini kwenye mkeka. Alijaribu tena na nyaya nyingine, akajaribu diski kwenye kompyuta ya mwalimu jirani, akajaribu kila kitu kwa siku mbili. Diski ilikufa, madabodi ilikufa. Makande tuliyala baridi. Yeye hakulia hata hapo. Alisema, "Mtamba wangu ameisha," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imekatika. Halafu akasema, "Gwandu ameniuzia kitu kibovu." Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nina mdomo, nina ulimi, na maneno ya Gwandu yako masikioni mwangu yote, na nikasema, "Nilikuambia wauzaji ni wale wale."

Wiki ile nilifanya zaidi ya kunyamaza. Pale mashine ya kusaga, kwenye foleni, mtu aliniuliza mbona nina uso mbaya, nikasema yule fundi wa stendi amemwibia mjukuu wangu mtamba. Sikusema amekosea, nilisema amemwibia. Nilisema mara moja tu. Ndoo zilikuwa kama kumi na mbili kwenye foleni ile, na kila ndoo ilikuwa na mwenyewe mwenye mdomo. Sasa nikiwa mzee kuliko nilivyokuwa, najiuliza kwa nini. Siyo kwamba nilikuwa bado namdhania mwizi. Ule mlio wa mbegu ya mahindi ulinijibu kila kitu palepale, niliujua ukweli kabla moshi haujatawanyika. Lakini mimi nilikuwa nimeishi kwa kushuku. Kushuku ndiko kulikolinda shamba lile, ndiko kulikoniachia ng'ombe wakati wajane wengine walinyang'anywa. Kukiri kwamba siku moja kushuku kwangu ndiko kulikomwibia mtoto kulikuwa kama kuambiwa ubomoe ukuta unaoshikilia paa. Kwa hiyo nikamtafuta mwingine wa kumshuku, na mwingine alikuwa tayari ana jina.

Emiliana naye akabadilika. Alikwenda Mbulu siku moja, akarudi kimya. Akaanza kufanya vibarua vya palizi kwenye mashamba ya vitunguu ya watu, na siku za soko alishinda mjini. Nilipomuuliza anashinda wapi, akasema, "Nipo." Kazi za nyumbani alifanya zote, maji, kuni, kukama. Alinisalimia kila asubuhi, aliitika nikimwita. Lakini alikuwa ananitazama. Nikiinua kichwa kutoka kwenye sufuria, nakuta anaangalia pembeni. Nikawaza amepata mwanaume. Nikawaza kuna mtu anamjaza maneno. Nilipekua begi lake, nikakuta daftari lile la vipande, na mahali pa madabodi ameandika upya. Nikazidi kushuku. Miezi ilipita hivyo, kuanzia palizi mpaka maharage yakaanza kukauka, watu wawili kwenye nyumba moja, kila mmoja anamchunga mwenzake.

Kilichonivunja ni mashine ya kusaga tena. Nilikuwa nimekaa nyuma ya magunia, walio mbele hawanioni. Mama mmoja alikuwa anataka kupeleka simu yake kutengenezwa. Mwenzake akamwambia, "Usiende kwa yule wa stendi. Yule mwizi, alimla bibi kizee mtamba mzima." Akauliza, "Bibi gani?" Akanitaja mimi. "Yule bibi hawezi kusema uongo, unamjua alivyo mkali." Niliacha ndoo yangu pale pale, nikarudi nyumbani kwa miguu bila unga. Emiliana alikuwa uani anapura maharage kwa fimbo. Nilisimama mbele yake nikamwambia aache. Nikamwambia, "Gwandu alipiga simu. Alisema nyaya nyingine zitaunguza. Mimi nilimsikia, nikakuficha." Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, au kwa machozi ambayo hakuyatoa tangu mnadani.

Aliegemeza fimbo ukutani. "Najua, bibi," akasema. Nikauliza unajuaje. "Nilikwenda kumtukana Gwandu, wiki ile ile. Akanionyesha simu yake. Saa nne asubuhi, jina lako, dakika mbili." Nikamuuliza, "Miezi yote hii unajua?" Akasema, "Kwenye kundi letu la shule, kwenye simu, niliandika kwamba kosa ni la nyumbani, siyo la fundi. Sikusema la nani." Akafuta jasho kwa kiganja. "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nilitaka kujua itakuchukua muda gani." Wakati wote niliodhani namchunga, mimi ndiye nilikuwa mnadani, nazungukwa. Nikamwambia nitampa ndama wa yule ng'ombe mweusi, akizaa. Akasema, "Sitaki ndama. Mimi nimeshapata mahali pa kuanzia. Gwandu ananipa kazi siku za soko, na ananilipa. Yeye ndiye hajapata kitu." Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akachukua fimbo yake. "Wewe ulisema mbele ya watu," akasema, na akaendelea kupura.

Siku ya soko nilikwenda. Duka lilikuwa na watu watano au sita, Emiliana yuko nyuma ya meza anafungua simu ya mtu. Gwandu alisimama, akasema, "Shikamoo, bibi." Sikuitikia. Kwetu mkubwa asiyeitikia shikamoo anatukana, na wote mle ndani wakageuka. Nikamwambia, "Subiri kwanza nimalize, ndipo nijue kama inanistahili." Nikasema yote. Kamba, simu, moshi, foleni ya mashine, neno mwizi. Kijana mmoja akacheka, mwanamke mmoja akamfinya. Gwandu akasema taratibu, "Bibi, mimi na Emiliana tulishaliongea, likaisha." Nikamwambia, "Wewe uliongea na yeye. Mimi naongea na hawa." Halafu nikasema marahaba, na sauti yangu ilikuwa mbaya. Mwanamke mwenye simu iliyovunjika akauliza, "Kwa hiyo kweli nyaya zinaingia na bado zinaunguza?" Gwandu akatoa pawa saplai mbili akaziweka mezani, akaanza kumwonyesha tundu moja moja, na watu wote wakainama kutazama, na mimi nikatoka.

Emiliana alinunua madabodi nyingine na diski nyingine kwa jasho lake, hakunionyesha, hakuniuliza. Alivipitisha mlangoni vikiwa kwenye begi. Siku moja mwezi wa sita, kabla hajaenda kidato cha tano, nilikuwa natoka zizini na ndoo ya maziwa, nikasikia kutoka chumbani kwake sauti ya injini kubwa inapanda mlima, inabadilisha gia, na mvua inapiga kioo, wakati nje kulikuwa na jua. Nikasikia akicheka peke yake. Nilikwenda mpaka mlangoni. Haukuwa umefungwa, ulikuwa umerudishwa tu, na nyumba ile ni yangu, kila mlango wake nimeulipia mimi. Maisha yangu yote nilikuwa nikisukuma milango ya namna ile kwa kidole kimoja, nione kuna nini. Niliweka ndoo chini nikasimama pale nje, nikisubiri kuitwa. Maziwa yaliota utando. Sikuitwa siku ile, wala wiki ile.